Kuanza na Mendel, na protini, au na mazingira? Ulinganisho wa njia tatu za kufundisha jenetiki sekondari

Nina karatasi moja ya mwanafunzi ambayo sijaitupa hadi leo. Aliyeichora alikuwa ametoka kupata alama zote kwenye swali la mtihani: wazazi wawili, Aa na Aa, jaza mraba, taja uwiano wa watoto. Robo tatu kwa robo moja, kazi safi. Siku iliyofuata niligawa karatasi tupu darasani, nikawaambia wachore seli, kisha waweke ndani yake kiini, kromosomu, DNA na jeni, kila kitu mahali pake. Yeye alichora jeni kama duara kubwa, na ndani ya duara hilo kromosomu nne tano zinaelea kama samaki bwawani. DNA aliiweka nje ya kiini, pembeni kabisa. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kusita: "Mwalimu, DNA si iko kwenye damu?"

Huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu makini. Alikuwa amejifunza barabara kile nilichomfundisha, yaani kupanga herufi kwenye visanduku vinne. Visanduku havikumdai ajue herufi hizo zinakaa wapi ndani ya mwili (jeni ni kipande cha DNA, DNA imo ndani ya kromosomu, na kromosomu zimo ndani ya kiini cha seli), wala zinafanya kazi gani. Nilimpa alama zote kwa jambo ambalo hakulielewa, na kosa hilo lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimefundisha mada ya urithi kwa mipangilio mitatu tofauti. Hapa naiweka ubavu kwa ubavu ili mwalimu mwenzangu anayetafuta pa kuanzia aone kila njia inampa nini na inamnyima nini.

Makosa yenyewe kwanza

Huwezi kuchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa insha 500 za wanafunzi wa sekondari nchini Marekani, insha walizoandikia shindano la jenetiki. Asilimia 55.6 ya insha hizo zilikuwa na angalau dhana moja potofu iliyo wazi, na asilimia 20.2 zilikuwa na mbili au zaidi. Hizi ni insha za shindano. Walioandika ni wale wenye hamu na somo, na bado zaidi ya nusu waliteleza. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwauliza vijana 482 wa miaka 14 hadi 16 kuhusu jeni, kromosomu na seli. Wengi hawakuweza kueleza vitu hivi vinahusianaje, ingawa walikuwa wanakaribia kumaliza masomo ya lazima. Mchoro wa mwanafunzi wangu, kumbe, una ndugu zake wengi duniani.

Sisi tunaofundisha au kufafanua kwa Kiswahili tuna mitego yetu ya ziada, na imo ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku. Tunasema mtoto ana "damu ya baba yake", basi mwanafunzi anaielewa DNA kama kitu cha kwenye mishipa. Damu zikichanganyika hazitenganishwi tena, kwa hiyo anategemea sifa za wazazi zichanganyike vilevile, kama rangi kwenye ndoo moja. Tunasema mtoto "amerithi", neno lile lile la shamba na nyumba, na mali inayorithiwa hugawanywa: mmoja akichukua zaidi, mwingine anabaki na kidogo. Ndiyo maana utasikia kwamba mtoto anayefanana sana na baba "amechukua jeni nyingi za baba". Ukweli ni kwamba kila mtoto hupokea kromosomu 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba, afanane na nani asifanane na nani, na mzazi hapungukiwi kitu kwa sababu kilichopitishwa ni nakala.

Halafu kuna neno "vinasaba". Magazeti hulitumia kwa DNA, vitabu vingine hulitumia kwa jeni, na wakati mwingine aya moja hulitumia kwa vyote viwili. Ushauri wangu ni kuchagua maana moja siku ya kwanza na kuiandika ubaoni. Mimi nimeachana nalo darasani, natumia "DNA" na "jeni" tu.

Neno linaloleta madhara makubwa kuliko yote ni "tawala". Aleli ni toleo mojawapo la jeni. Mwanafunzi akisikia aleli tawala anawaza mtawala: mwenye nguvu, bora, na ambaye hatimaye ataenea kote. Muulize kundi gani la damu ni la kawaida zaidi duniani na kama linatokana na aleli tawala au fiche, yaani isiyoonekana mpaka ziwe mbili. Kundi O ndilo linaloongoza, na aleli yake ni fiche. Kuzaliwa na vidole sita aghalabu husababishwa na aleli tawala, lakini wengi wetu tuna vitano. Siku hizi sisemi "tawala" kabla ya kusema "inayoonekana hata ikiwa moja". Ni maelezo marefu, ila hayadanganyi.

Kosa jingine halitajwi sana na limejaa: kwamba kila seli ina jeni zake tu, yaani seli ya jicho ina jeni za jicho na ya ini ina za ini. Mwaka 1962 John Gurdon alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kiini kutoka seli ya utumbo wa kiluwiluwi, kikipandikizwa kwenye yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa, kinaweza kumjenga chura mzima. Mwaka 1996 kondoo Dolly alizaliwa kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Seli ya kiwele ilikuwa na maelekezo ya kwato, ubongo na sufu. Ilikuwa haiyatumii tu.

Njia ya kwanza: Mendel mbele

Hii ndiyo njia ya vitabu vingi. Unaanza na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, na bustani yake, unaingia kwenye mraba wa Punnett, yaani vile visanduku vinne vya kupanga herufi za wazazi, kisha magonjwa ya kurithi, na DNA inakuja mwishoni au muhula mwingine kabisa.

Uzuri wake ni halisi na sitaudharau. Mendel alifanya majaribio ya njegere kuanzia mwaka 1856 hadi 1863, akapanda takriban mimea 28,000, na takwimu zake bado zinang'aa. Mbegu za mviringo 5,474 kwa zenye makunyanzi 1,850. Za manjano 6,022 kwa za kijani 2,001. Ukiwapa wanafunzi namba hizi kabla ya kuwaambia kanuni, ukawaacha wagawanye wenyewe, kuna dakika ya ukimya halafu mtu anasema "zote ni kama tatu kwa moja!" Ni mojawapo ya nafasi chache katika biolojia ya sekondari ambapo kijana anaona kanuni ikichomoza kutoka kwenye hesabu. Ni njia fupi pia, haidai maabara, na inalingana na maswali ya mitihani.

Ubaya wake unaanzia palepale kwenye uzuri wake. Njegere za Mendel zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa na sifa za ama hivi ama vile. Mwanafunzi anayezikuta hizo kwanza anajenga kichwani sheria kwamba jeni moja hutoa sifa moja, iwepo au isiwepo, na mwili wa mtu ni orodha ya sifa hizo. Ukija baadaye kumwambia kuhusu urefu au rangi ya ngozi, anaona ni mambo ya pembeni yanayovuruga sheria. Na kwa kuwa anaweza kujibu maswali yote bila kugusa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu za uzazi na mayai, hataigusa. Herufi zinabaki herufi.

Dhana kwamba aleli tawala itaenea siyo ya watoto peke yao. Mwaka 1908 mwanahisabati G. H. Hardy aliandika barua fupi kujibu hoja iliyonukuliwa kwa jina la mwanatakwimu Udny Yule: kwamba kama ufupi wa vidole unatokana na aleli tawala, basi baada ya muda tungetarajia watu watatu wenye vidole vifupi kwa kila mmoja wa kawaida. Hardy alionyesha kwa hesabu nyepesi kwamba kutawala peke yake hakuongezi wala kupunguza idadi. Huwa nawasomea wanafunzi kisa hiki. Wanatulia wakijua kwamba kosa lao liliwahi kujadiliwa na watu wazima wenye elimu kubwa.

Kinachoichafua zaidi njia hii ni mifano ya mwilini inayobandikwa juu yake. Kukunja ulimi ndiyo maarufu kuliko yote. Alfred Sturtevant aliitangaza mwaka 1940 kama sifa ya aleli tawala. Mwaka 1952 Philip Matlock alichunguza jozi 33 za pacha wa kufanana, na katika jozi 7 mmoja aliweza kukunja ulimi na mwenzake hakuweza. Pacha hao wana DNA ile ile. Mfano ulipaswa kufa siku hiyo, lakini bado unaukuta madarasani. Na una hatari ambayo mwalimu huiona akiwa amechelewa: mtoto aliyepewa kazi ya nyumbani ya "kagua wazazi wako" anarudi akiwa na shaka kama baba yake ni baba yake, kwa sababu yeye anakunja ulimi na wao hawakunji. Rangi ya macho ina hatari hiyo hiyo. Ukichagua njia ya Mendel, baki na njegere na uache ndimi za watu.

Njia ya pili: kutoka herufi moja ya DNA hadi kwa mtu

Hapa unachukua jeni moja na kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kutaja uwiano wowote. Mimi hutumia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonibadilishia darasa.

Siku ya kwanza ni damu tu: seli nyekundu, himoglobini ndani yake, kazi ya kubeba oksijeni. Siku ya pili, himoglobini ni protini, na sehemu yake moja iitwayo beta ni mnyororo wa asidi amino 146. Siku ya tatu tunasoma maelekezo ya mnyororo huo kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya 11. Nafasi ya sita, kwa herufi tatu za DNA, inasomeka GAG. Kwa mwenye selimundu inasomeka GTG. Herufi moja. Matokeo yake asidi ya glutami inabadilishwa na valini, jambo ambalo Vernon Ingram alilionyesha katika miaka ya 1956 na 1957, baada ya Linus Pauling na wenzake kuthibitisha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti. Valini hiyo inafanya himoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, zinakuwa nyuzi ngumu, seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtu anapata maumivu makali.

Baada ya hapo ndipo nauliza: mwenye nakala moja ya GAG na moja ya GTG atakuwaje? Wanafunzi wanalijibu wenyewe, na majibu yao yanagongana kwa namna ninayoipenda. Mmoja anasema haumwi, kwa hiyo selimundu ni fiche. Mwingine anasema lakini damu yake ina himoglobini za aina zote mbili, kwa hiyo hakuna iliyofichwa. Wote wako sahihi. Kwa ugonjwa unahitaji nakala mbili. Kwa protini zote mbili zinaonekana. Tena Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa swali moja hilo darasa linaona kwamba "tawala" na "fiche" yanategemea umesimama wapi unapotazama, na kwamba mabadiliko ya DNA hayana lebo ya kudumu ya "baya". Wanaona pia kwamba jeni ni maelekezo ya protini. Hicho ndicho kiungo kilichokosekana kwenye mchoro wa yule kijana.

Jambo zuri ni kwamba njia hii haimfukuzi Mendel. Mwaka 1990 ilielezwa kwa nini njegere zake zilikuwa na makunyanzi: kipande cha DNA kimejipachika ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachotia matawi kwenye wanga. Bila kimeng'enya hicho sukari inabaki nyingi, mbegu inanyonya maji mengi inapokua, na ikikauka inasinyaa. Mwenye nakala moja nzima anapata kimeng'enya cha kutosha, kwa hiyo mbegu yake ni ya mviringo. Lakini ukiitazama wanga yake kwa hadubini, punje zake zina umbo la katikati. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshafundisha njegere kwa miaka kadhaa bila kujua makunyanzi yanatoka wapi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Nadhani hawakuuliza kwa sababu sikuwaonyesha kwamba ni jambo linaloulizika.

Gharama yake ipo. Inakula vipindi: ninachofanya na Mendel kwa vitatu hapa kinachukua saba. Inadai wanafunzi wawe wameielewa seli na protini. Wasipokuwa na msingi huo unajenga hewani. Kuna kishawishi pia cha kuigeuza kuwa kukariri hatua za unukuzi na utafsiri (jinsi seli inavyonakili jeni na kuisoma ili kutengeneza protini), na hapo unakuwa umebadilisha visanduku vinne kwa orodha ndefu isiyo na maana zaidi. Na tahadhari moja ya kibinadamu: darasani kunaweza kuwa na mtoto anayeishi na selimundu, au aliyempoteza ndugu. Zungumza naye kwanza, faraghani. Kama hataki, tumia njegere za makunyanzi mwanzo hadi mwisho, zinatosha.

Kasoro kubwa zaidi ni hii: selimundu ni mfano mkali mno. Herufi moja, protini moja, ugonjwa mmoja. Mwanafunzi anaweza kutoka pale akiamini kwamba jeni zote hufanya kazi kwa uwazi huo, na hivyo "mtoto wa nyoka ni nyoka" inabaki palepale, sasa ikiwa na maneno ya kisayansi.

Njia ya tatu: tofauti na mazingira kwanza

Njia hii ina historia ya kuvutia. Mwaka 1902 mwanazoolojia Mwingereza W. F. R. Weldon alichapisha picha za njegere zikiwa zimepangwa kutoka kijani kibichi hadi manjano iliyokolea, na katikati rangi za kila namna. Hoja yake ilikuwa kwamba makundi mawili ya Mendel yalificha mengi, na kwamba sifa moja hubadilika kulingana na ukoo na mazingira. Alifariki mwaka 1906 na mjadala ukaisha kwa ushindi wa upande wa waliomuunga mkono Mendel. Zaidi ya karne moja baadaye, Gregory Radick na Annie Jamieson wa Chuo Kikuu cha Leeds walitunga kozi iliyoanza na mtazamo wa Weldon, wakaulinganisha na ufundishaji wa kawaida. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2017 yalionyesha wanafunzi wa kozi mpya walipungua kuamini kwamba jeni huamua kila kitu. Wale wa kozi ya kawaida hawakupungua. Wenyewe waliuita uchunguzi wa awali, na ulihusu wanafunzi wa chuo, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu ya mwisho kwa sekondari.

Darasani unaanza na kitu kisichogawanyika mara mbili. Urefu unafaa. Wanafunzi wanajipanga ukutani kutoka mfupi hadi mrefu, na hakuna mstari wa kuwatenga. Kisha unawapa taarifa kwamba uchunguzi wa mwaka 2022 uliohusisha DNA ya watu zaidi ya milioni 5 ulipata zaidi ya sehemu 12,000 za DNA zinazohusiana na urefu, kila moja ikichangia kidogo sana. Unaongeza lishe na maradhi ya utotoni. Halafu unaleta fenilketonuria: mtoto mwenye nakala mbili zenye hitilafu hawezi kuvunja vizuri asidi amino moja iliyo kwenye chakula, na ikirundikana inaharibu ubongo wake. Tangu miaka ya 1960, katika nchi kadhaa watoto wachanga hupimwa kwa tone la damu, na anayegunduliwa mapema na kupewa mlo maalumu hukua vizuri. Jeni ni zile zile, maisha ni mengine. Sijaona mfano unaovunja dhana ya "jeni ni hukumu" kwa haraka kama huu.

Njia hii ndiyo inayomwandaa raia: mtu atakayesoma kichwa cha habari kuhusu "jeni ya akili" na kusita kabla ya kukisambaza. Lakini ikisimama peke yake inaacha pengo. Wanafunzi wangu wa mwaka nilioanza na njia hii walijifunza kusema "inategemea" kwa kila swali, na nilipouliza inategemea nini, walinyamaza. Walikuwa na tahadhari bila utaratibu wa kibiolojia nyuma yake, na kwenye maswali ya uwiano walibaki nyuma ya wenzao.

Mraba au sarafu, herufi au uzi

Njia yoyote utakayoshika, vifaa viwili vinahitaji kulinganishwa kwa sababu ndipo kosa la uwezekano huzaliwa.

Msichana mmoja aliwahi kubaki baada ya kipindi kuniuliza: "Mwalimu, kama ni mmoja kati ya wanne, na mimi nina kaka watatu wazima, basi mimi ndiye niliyebeba ugonjwa?" Nilikuwa nimechora mraba vizuri kabisa ubaoni, na mraba ndio uliomfikisha hapo. Visanduku vinne vilionekana kwake kama watoto wanne, kila mmoja na nafasi yake iliyohifadhiwa.

Sarafu zinalitibu hili, mraba hauwezi. Wanafunzi wawili wawili, sarafu mbili, moja ya mama na moja ya baba, kila moja upande A na upande a. Kila jozi inarusha mara nne: familia ya watoto wanne. Ukikusanya matokeo ya familia 40, utaona takriban 13 hazina mtoto hata mmoja mwenye aa, kama 17 zina mmoja, na zilizobaki kama 10 zina wawili au zaidi. Familia zinazofuata "mmoja kati ya wanne" barabara ni chini ya nusu. Baada ya hapo Mendel mwenyewe anatoa ushahidi: aliripoti mmea mmoja wenye mbegu 43 za mviringo na 2 tu za makunyanzi, na mwingine wenye 14 kwa 15. Uwiano wa tatu kwa moja ulijitokeza kwenye maelfu. Mraba uje baadaye, kama njia fupi ya kuandika kile ambacho sarafu zimeshaonyesha.

Kuhusu meiosisi, herufi ubaoni zinashindwa na uzi kwa mbali. Nyuzi nyekundu za mama, za bluu za baba, mafundo madogo yakiwa jeni. Uzi unaonyesha kwa macho kwamba jeni ni kipande cha kromosomu. Unafichua pia kosa ambalo sikulijua kwa miaka: wanafunzi wengi hudhani kwamba katika kromosomu yenye umbo la X, mkono mmoja umetoka kwa mama na wa pili kwa baba. Wakiunda X yao kwa uzi mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, umelikamata palepale. Mikono ile ni nakala mbili za kromosomu moja, kwa hiyo rangi lazima iwe moja. Baadhi huchanganya pia umbo la X na kromosomu inayoitwa X ya jinsia. Dakika mbili za kuwatenganishia zinatosha.

Basi uchague ipi

Kama mtihani uko karibu na una vipindi vinne tu, shika Mendel, lakini anza na sarafu, tumia njegere peke yake, na toa kipindi kimoja kizima kueleza makunyanzi yanatoka wapi. Hicho kimoja kitaokoa mengi.

Kama una vipindi saba au zaidi na wanafunzi wanaijua seli, nakushauri njia ya pili bila kusita. Ndiyo ninayoifuata sasa. Uwiano unapokuja, unakuja kwa watu wanaojua kinachohesabiwa. Ila funga kwa urefu na fenilketonuria, angalau kipindi kimoja na nusu, la sivyo ukali wa selimundu utawabaki kichwani kama sheria ya jeni zote.

Njia ya tatu ningeichagua kama mwanzo pale tu ambapo wanafunzi hawataendelea na biolojia baada ya mwaka huo. Hao wanahitaji zaidi kusoma habari kwa macho makali kuliko kukokotoa uwiano.

Na kwa vyovyote, badilisha swali la kupimia. Ukiuliza uwiano, utafundisha uwiano. Mimi sasa nauliza: "Eleza kwa sentensi tano jinsi herufi moja ya DNA inavyoweza kumfanya mtu aumwe viungo." Kusahihisha kunachukua muda mrefu, na madaraja yalishuka mwaka wa kwanza.

Yule mchoraji wa duara kubwa nilimfundisha tena mwaka uliofuata, kwa selimundu na uzi. Wiki ya tatu alinyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama seli ya jicho nayo ina jeni ya himoglobini, nani anaizuia isitengeneze himoglobini jichoni?" Nilifuta ubao, na kipindi kile hatukuendelea na nilichokuwa nimekiandaa.